Fuata Vivuli: Kupiga Picha ya Mwezi kwa Darubini ya Uani

Usiku wa mwezi mpevu ndipo watu wengi hutoa darubini uani, na kwa picha ya kwanza hakuna usiku mbaya kuliko huo. Mwezi ukijaa, jua huupiga usoni kutoka upande wetu. Milima inakosa vivuli, kreta zinakosa kina, na kila kitu hutoka cheupe na bapa. Subiri mwezi wa nusu, kisha elekeza darubini kwenye mpaka wa mwanga na giza, pale ambapo asubuhi ndiyo kwanza inaingia mwezini. Jua likiwa nyuzi mbili tu juu ya upeo wa hapo, kilima cha mita 300 hutupa kivuli cha zaidi ya kilomita nane, na kivuli cha namna hiyo darubini ndogo ya nyumbani inakiona bila taabu. Yote nitakayoeleza, kuanzia stendi hadi programu ya kompyuta, yanatumikia kazi hiyo moja ya kunasa vivuli.

Chagua usiku kwanza

Mpaka huo hautulii. Kwenye ikweta ya mwezi unatembea kilomita 15 hivi kwa saa. Ukikaa uani saa mbili utaona kilele kilichokuwa nukta ya mwanga katikati ya giza kikishikana polepole na ardhi inayokizunguka. Kutoka usiku mmoja hadi unaofuata unasogea nyuzi 12, kwa hiyo kila sehemu ya mwezi ina usiku wake wa kupigwa picha.

Kama nyumbani kwenu kuna kalenda ya Hijria ukutani, basi mnayo kalenda ya mpiga picha wa mwezi. Tarehe yake inafuata umri wa mwezi tangu kuandama, na usiku wake huanza magharibi, saa ile ile unayotoa darubini. Nchi zikitofautiana kwa siku moja, utajikuta kreta moja mbele au nyuma, haidhuru. Asiyefuata Hijria ahesabu siku tangu hilali ionekane.

Usiku wa tatu na wa nne tazama ukingo ulio upande wa magharibi ya anga yetu: utaona Mare Crisium, duara la giza lililojitenga peke yake, na kreta kubwa za Langrenus na Petavius. Usiku wa tano au wa sita ni wa kreta tatu zilizogusana, Theophilus, Cyrillus na Catharina. Theophilus ina upana wa kilomita 100 hivi na vilele katikati, na vilele hivyo hupata jua wakati sakafu ya kreta bado ni giza tupu.

Halafu unaingia usiku wa saba na wa nane. Ningeambiwa nichague usiku mmoja tu katika mwezi, ningechukua wa nane. Safu ya milima ya Apennines inakuwa imepata jua la asubuhi, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Mons Huygens, kina mita 5,500 hivi kutoka kwenye tambarare iliyo chini yake, si mbali sana na kimo cha Kilimanjaro. Kusini yake zimepangana Ptolemaeus, Alphonsus na Arzachel. Usiku huo huo au unaofuata hutokea Rupes Recta, mstari mweusi ulionyooka wenye urefu wa kilomita 110 hivi, ambao ni kivuli cha mteremko tu. Jua likipanda, mstari unatoweka. Usiku wa tisa ni wa Copernicus, kreta yenye upana wa kilomita 93. Kisiwa cha Unguja chote, kwa urefu wake, kingeweza kulala ndani yake.

Kuna faida nyingine ya mwezi wa nusu, hasa kwa mtu anayeamkia kazini. Jua linapozama, wenyewe uko juu kabisa angani, na hautui hadi karibu na saa sita usiku. Saa moja na nusu unaanza, saa tatu na nusu umemaliza.

Mwezi mpevu una kazi yake pia. Ndio usiku wa kuonyesha miale myeupe inayotawanyika kutoka kreta ya Tycho, na ndio usiku wa rangi: ukiongeza rangi kidogo kwenye picha, Bahari ya Utulivu, ambako Apollo 11 ilitua Julai 1969, hutoka na ubuluu kwa sababu miamba yake ina titani nyingi, na jirani yake Mare Serenitatis hutoka na hudhurungi. Hiyo ni hatua ya baadaye.

Darubini, na tatizo letu la ikweta

Darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 70 inatosha kuanza. Ya kioo ya milimita 114 au 130 ni bora zaidi. Usiamini maandishi makubwa kwenye boksi yanayoahidi kukuza mara mia tano. Ukuzaji unapatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jicho, yaani lenzi ndogo unayochungulia. Darubini ya milimita 900 ikiwa na lenzi ya milimita 25 inakuza mara 36. Ukiweka ya milimita 10 inakuza mara 90. Juu ya mara mbili ya kipenyo kwa milimita hupati undani mpya, unapata ukungu mkubwa zaidi. Kwa picha, kati ya mara 40 na 100 panatosha kabisa. Kioo cha milimita 114, hewa ikiwa tulivu, kinaweza kutenganisha vitu vyenye ukubwa wa kilomita mbili hivi mwezini, ulio umbali wa wastani wa kilomita 384,400. Hiyo ni nguvu kubwa kwa chombo kinachobebwa kwa mkono mmoja.

Sasa jambo ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havina sababu ya kulisema. Darubini nyingi huuzwa na stendi iliyoinamishwa kufuata mzunguko wa dunia, na mwinamo huo hupangwa kwa latitudo ya mahali ulipo. Nairobi iko nyuzi moja kusini ya ikweta, Mombasa nne, Dar es Salaam karibu saba. Stendi nyingi za aina hiyo haziwezi kushuka kiasi hicho, na hata ikishuka, nondo ya uzito wa kusawazisha inagonga miguu. Kama bado hujanunua, chukua stendi ya kawaida inayokwenda juu na chini, kushoto na kulia, au ile ya boksi la mbao linalokaa chini, iitwayo Dobson. Wenye stendi iliyoinama wanaweza mara nyingi kuipanga itumike kama ya kawaida.

Ikweta inatuletea jambo la pili: kwetu mwezi hupita karibu na utosi. Hewa ya juu ni safi na picha inatulia, lakini bomba la darubini ya lenzi linagonga stendi, na Dobson ikitazama juu kabisa ni ngumu kuisogeza. Piga kabla mwezi haujafika utosini au baada ya kuupita, ukiwa kati ya nyuzi 45 na 70. Chini ya nyuzi 30 usijisumbue, maana mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi mno.

Hewa ndiyo inayoamua

Picha nyingi za mwezi huharibiwa na joto, na watu huilaumu darubini. Paa la mabati na uwanja wa saruji vilivyopigwa na jua kutwa huendelea kutoa joto hadi usiku, na hewa inayopanda juu yake hufanya ukingo wa mwezi utetemeke. Usiweke darubini juu ya dari ya zege iliyokuwa juani. Weka kwenye majani, au kwenye udongo chini ya anga wazi, na usielekeze juu ya paa la jirani. Usipige kupitia dirisha, hata likiwa wazi, kwa sababu hewa ya ndani na ya nje zinapishana hapo hapo.

Itoe darubini nje nusu saa kabla ya kuanza, ili kioo na bomba vilingane na joto la nje. Upepo wa kusi, ambao kuanzia Juni unavuma sana pwani, huleta anga kavu lakini hutikisa stendi. Fupisha miguu, kaa chini, na ning'iniza dumu la maji la lita tano katikati ya stendi. Mtikisiko unapungua sana.

Kushika simu ipasavyo

Simu yoyote yenye kamera nzuri inafaa. Nunua kishikio cha simu kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho. Ni kitu cha bei ndogo, na ndicho kinachotofautisha picha ya kubahatisha na picha unayoweza kuirudia. Fanya mazoezi mchana kwa kuelekeza darubini kwenye mnazi au mnara ulio mbali, mbali kabisa na jua. Hapa naomba usome mara mbili: darubini isielekezwe kwenye jua hata kwa nukta moja, wala ile darubini ndogo ya kutafutia iliyo ubavuni. Jicho huungua papo hapo, na kamera pia. Anayetafuta hilali asubiri jua lizame kabisa ndipo afungue kifuniko, na mtoto asiachwe peke yake na darubini mchana.

Anza na lenzi ya milimita 25. Weka kamera kuu ya simu, ile ya ukuzaji wa mara moja, katikati ya lenzi, kisha isogeze milimita kwa milimita mpaka duara la mwanga litokee zima bila kipande cheusi upande mmoja. Simu zenye kamera kadhaa hupenda kuhama kutoka moja hadi nyingine bila kukuuliza. Ukiona picha imeruka ghafla, rudi kwenye kamera kuu. Zima flashi. Baadhi ya simu hutambua mwezi na kuuongezea undani ambao lenzi haikuuona, basi zima pia mpangilio wa kuboresha mandhari, uwe na hakika kwamba kreta iliyo pichani ndiyo iliyokuwa angani.

Fokasi ifanye mara mbili. Kwanza kwa jicho, kisha ukishaweka simu, gusa skrini kwenye mpaka wa vivuli, shikilia mpaka fokasi na mwanga vifungwe, halafu zungusha kirekebishi cha darubini polepole huku ukitazama kreta ndogo. Pitiliza kidogo, rudi, pitiliza upande wa pili, rudi. Mahali pakali ni katikati ya hapo.

Kosa la mwanga ni moja karibu kwa kila mtu: simu inaona anga jeusi, inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na mwezi unageuka sahani nyeupe. Kumbuka kwamba pale unapopiga ni mchana. Mwezi ni mwamba unaopigwa na jua lile lile linalotupiga sisi saa sita mchana. Teremsha mwanga mpaka sehemu iliyong'aa zaidi ianze kuonyesha alama zake. Kama simu ina modi ya Pro, weka ISO 50 au 100 na kasi ya shata kati ya 1/60 na 1/250. Mwezi wa nusu unatoa takriban sehemu moja ya kumi tu ya mwanga wa mwezi mpevu, kwa hiyo usiogope kushuka kuelekea 1/60. Usiende polepole sana kuliko hapo bila stendi yenye mota: dunia inazunguka, na mwezi unavuka upana wake wote ndani ya dakika mbili. Kwa 1/60 mwendo huo hauonekani pichani. Kwa 1/8 unaonekana.

Tumia taima ya sekunde tatu, kidole kiwe mbali na simu wakati shata inafunguka. Uweke mwezi kwenye ukingo wa duara, upande unaotokea, uuache uelee wenyewe hadi katikati, piga picha tano au sita mfululizo, kisha uurudishe.

Mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha ataondoa lenzi na kuifunga kamera kwenye darubini kwa pete maalumu inayolingana na aina yake. Ukubwa wa mwezi kwenye kihisi ni urefu wa fokasi ukigawa kwa 110, yaani milimita nane hivi kwa darubini ya milimita 900. Darubini ndogo za kioo mara nyingi haziifikii fokasi na kamera ya namna hii. Lenzi ya Barlow ya mara mbili, ikiwekwa kati ya darubini na kamera, kwa kawaida hutatua tatizo hilo.

Video badala ya picha

Tazama mwezi kwa muda kupitia lenzi ya milimita 10. Utaona unacheza kama kitu kilicho chini ya maji, kisha kwa sehemu ya sekunde unatulia na kila kitu kinakuwa kikali. Huwezi kubonyeza kwa wakati huo, ila video inaunasa. Rekodi dakika moja kwa fremu 30 kwa sekunde, nawe utakuwa na picha 1,800, na ndani yake mna mia kadhaa zilizopigwa hewa ikiwa imetulia.

Kazi ya kuzichambua ni ya kompyuta. Programu za bure zipo: PIPP huupanga mwezi ukae katikati ya kila fremu, AutoStakkert hupima ukali wa kila moja na kuziunganisha zile bora, na RegiStax hunoa picha iliyopatikana. Anza kwa kuchukua asilimia 10 hadi 20 ya fremu zilizo kali zaidi. Picha inayotoka AutoStakkert itaonekana laini na ya kukatisha tamaa. Usiifute, undani umo, unasubiri kunolewa. Noa kwa hatua ndogo na usimamishe mkono mapema. Ukiona mstari mweupe umezunguka ukingo wa mwezi, au sakafu ya kreta imejaa chembechembe, umepita kiasi. Nami naona picha zilizonolewa kupita kiasi ni nyingi kuliko zilizonolewa kidogo.

Darubini ya kioo hupindua picha juu chini, na ya lenzi yenye kioo cha pembe hugeuza kushoto kuwa kulia. Kabla ya kumwonyesha mtu, linganisha na ramani ya mwezi. Virtual Moon Atlas ni ya bure. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, vinginevyo vivuli ulivyovihangaikia vitabanwa na kupotea.

Jaribio la msafiri wa Kilwa

Ukishazoea kreta kubwa, nakupa shabaha moja yenye uhusiano nasi. Msafiri Ibn Battuta wa Tangier alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na baadaye akasimulia aliyoyaona. Mwezini iko kreta yenye jina lake, kwenye Mare Fecunditatis. Ni duara safi la kilomita 11 hivi, dogo kuliko Ngorongoro, kwenye tambarare nyeusi isiyo na vurugu. Tafuta kwanza Goclenius, kreta kubwa zaidi iliyobonyea na kuwa kama yai. Ibn Battuta iko kaskazini mashariki yake kwa mashariki ya ramani za mwezini, yaani kuelekea ukingo ulio karibu na Mare Crisium.

Darubini ya milimita 114 inaiona, lakini kuipiga picha yenye sakafu ya kivuli upande mmoja na ukuta unaong'aa upande wa pili kunataka kila kitu kiende sawa. Usiku wake ni wa tatu au wa nne, na hapo mwezi bado uko chini magharibi, kwa hiyo anza mara giza linapoingia. Ukizama kabla hujamaliza, rudi usiku wa 18, jua linapotua upande huo wa mwezi na kivuli kimehamia ukuta wa pili. Wakati huo mwezi unachomoza karibu na saa tatu usiku, na ifikapo saa saba usiku uko juu, hewa imepoa, na mabati ya jirani yamepoa pia.

Mwezi ukipatwa, sheria zinageuka. Tarehe 7 Septemba 2025 Afrika Mashariki iliuona mwezi ukiwa ndani ya kivuli cha dunia kwa dakika 82, kuanzia saa mbili na nusu usiku. Mwingine kamili utakaotufaa ni wa tarehe 31 Desemba 2028, mwanzoni mwa usiku. Kwetu mwezi utachomoza ukiwa tayari umeanza kuliwa. Ukiwa mwekundu mwanga wake hupungua mno, basi tumia ukuzaji mdogo kabisa ulio nao, pandisha ISO hadi 800 au 1600, na uiache shata nusu sekunde au zaidi.

Ukimaliza, funika darubini ikiwa bado nje, ili umande usijikusanye kwenye kioo unapoiingiza ndani. Ukikuta unyevu, uache ukauke wenyewe. Usifute kwa kanga wala kwa shati. Pwani adui mkubwa ni kuvu, anayeota juu ya lenzi zilizofungiwa na unyevunyevu. Vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya vinafaa sana kuwekwa kwenye mkoba wa lenzi, ukivibadilisha kila masika yanapokaribia.